Pazia la Utani

Kiharusi kilimkuta Lukelo Nyaulingo mbele ya mtani wake, na hilo ndilo lililomponza. Kingemkuta mbele ya askari wa barabarani, au mbele ya mkwewe, huenda leo angekuwa na mkono wake na ulimi wake.

Lukelo alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, Mhehe wa maneno mengi, mtu ambaye hata msibani watu walimsogelea ili wasilie sana. Siku hiyo mkono wake wa kulia uliamka mzito. Akadhani ameulalia vibaya. Mnadani rungu la kugongea meza likamponyoka, watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini macho yalipoanza kumwonyesha ng'ombe mmoja wawili, akaona si mzaha. Akapitia Hospitali ya Nyota Tatu, ambayo ilikuwa njiani, na ambayo mapokezi yake siku hiyo yalikuwa mikononi mwa tabibu Editha Gama, Mngoni wa Songea, mtani wake wa miaka mingi.

Wahehe na Wangoni walipigana vita kali enzi za mababu, wakachoka, wakageuza mikuki kuwa maneno. Tangu hapo mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akichukua kitu chako unakikomboa. Editha aliwahi kumchukulia Lukelo kengele yake ya mnada mbele ya wanunuzi wote, akaondoka nayo mchana kweupe, na Lukelo hakuiona tena mpaka alipopeleka kuku.

"Mhehe!" Editha alipaza sauti alipomwona mlangoni. "Umekuja kutafuta kitoweo chenu cha mbwa? Hapa hatuna, nenda polisi!"

Lukelo alitaka kumwambia, Mngoni, leo naumwa kweli. Maneno aliyaona kichwani, yamepangwa vizuri. Yalipofika mdomoni yakawa uji. Mdomo ukashuka upande mmoja, mguu wa kulia ukaburuta sakafu.

Editha akaangua kicheko. Na tusimlaumu haraka, maana wiki chache tu nyuma Lukelo alikuwa amesimama pale pale akiigiza Mngoni aliyelewa ulanzi, mdomo kando, mguu ukiburuta vile vile, hadi wagonjwa waliofungwa plasta wakashika mbavu.

"Umeanza!" alisema, akijifuta macho. "Leo umempata barabara. Mjomba wangu wa Peramiho mtupu!"

Hakuishia kucheka. Alitaka kuona na kidani cha Lukelo. Kila mwenye bima ya afya alivaa kidani, punje moja ya kioo kifuani, nayo ilisikiliza ulimi wa mtu, hatua zake na mapigo ya damu yake, usiku na mchana. Mwenye nayo akiwa mzima, punje iliwaka kijani. Akipata hitilafu iliwaka nyekundu na kuita madaktari kabla hata mwenyewe hajajijua. Mji mzima ulikuwa umeacha kuogopa kufa ghafla kwa sababu ya punje ile.

Katika kioo cha dirisha la mapokezi Lukelo aliona punje yake ikiwaka nyekundu. Iliwaka mara moja, kama jicho linalofumbuliwa. Kisha kicheko cha Editha kikaifikia, ikafumba, na ilipofumbuka tena ilikuwa kijani.

Editha akainua uso, akaona kijani.

"Mzima kama mgomba," alisema. "Kaa pale kwenye benchi, ukichoka kuigiza utaniambia. Nina watu wenye homa hapa."

Akakaa. Kila aliyeingia aliambiwa, mwangalieni Mhehe huyo, anajifanya Mngoni, na kila aliyeambiwa alicheka, na kila kicheko kiliongeza kijani kifuani mwake. Alijaribu kupiga kelele, ikatoka sauti ya mlevi, wakacheka zaidi. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa, wakampigia makofi. Hofu aliyoipata pale benchini hakuwahi kuipata hata siku fahali alipomkanyaga kifua. Watu walijaa, wote wanampenda, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani ina saa zake. Zikipita, zimepita. Lukelo aliteleza toka benchini jioni, watani wameshaondoka, mfagizi akamkuta sakafuni, na punje ndipo ikapata ukimya wa kutosha kuwaka nyekundu na kubaki nyekundu.

*

Alipozinduka, upande wake wa kulia haukuwa wake tena. Maneno nayo yalikuwa yamekwenda, ya kusema na ya kuandika, herufi zote zikimtazama kama mbuzi wa mtu mwingine. Ila akili ilibaki. Hilo watu hawakulijua. Mtu asiyesema hudhaniwa hasikii, na mbele yake husemwa mengi.

Mganga mkuu, Dokta Shangali, alikuja kitandani pamoja na fundi wa vidani, kijana mwenye miwani aliyeshika kibao cha kusomea. Wakasimama miguuni pake kama watu waliosimama kando ya meza.

"Kidani kiliona," alisema fundi. "Kiliona mapema kabisa, dokta. Ni lile pazia ndilo lililokinyamazisha."

"Pazia gani?"

"La utani. Si mlituomba wenyewe?"

Na fundi akaeleza, na Lukelo akasikia. Vidani vilipoletwa mkoani, watani walivitia wazimu. Mtu alimwiga marehemu msibani, gari la wagonjwa likaja. Mtu alijitupa chini sokoni kumlilia mtani wake, madaktari wakaja mbio. Hospitali ikachoka kufuata vichekesho. Ndipo vidani vikafundishwa kwamba ulimi ukipinda mbele ya mtu wa kabila la utani, na kicheko kikasikika, huo ni mchezo, visipige kelele. Kengele za uongo zikapungua. Nyota Tatu ikapewa cheti cha pongezi.

"Na hii ikijulikana?" aliuliza Dokta Shangali.

"Vidani vya mkoa mzima vitarudishwa kiwandani. Na watauliza wangapi wengine walikufa wakichekwa."

Dokta akamrekebishia Lukelo shuka kifuani, kwa upole kabisa.

"Basi lisijulikane," alisema. "Palikuwa na tabibu. Mtu mwenye macho, aliyeisomea kazi, akacheka badala ya kumpima mgonjwa. Hilo linatosha."

Lukelo alifungua mdomo. Kikatoka kitu kama kikohozi, na Dokta akampigapiga mguu, ule usiohisi.

*

Wakampa Msemaji.

Ilikuwa zawadi ya hospitali, bila malipo, na Tumsifu, mke wa Lukelo, alilia kwa furaha walipomfungia. Ukanda mwembamba ulizunguka kichwa na kushikizwa kisogoni, na kipaza sauti kidogo kikakaa kooni. Msemaji alinusa mwanzo wa neno ndani ya ubongo, kabla halijavunjika, kisha akalimalizia. Sauti alikuwa nayo tayari, kwa sababu kidani kilikuwa kimemsikiliza Lukelo miaka yote. Alijua anavyosalimia, anavyobembeleza bei, anavyomwita mkewe jikoni.

"Tumsifu wangu," alisema Msemaji siku ya kwanza, kwa sauti ile ile nzito ya mnadani, "umekonda. Nani anakula chakula chako?"

Tumsifu akamwangukia kifuani. Lukelo akamshika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ametaka kusema, naogopa.

Hapo ndipo alipotambua mahali alipofungiwa. Msemaji hakuyajua mawazo yake, alijua mazoea yake tu. Alinusa neno la kwanza akamalizia kwa lile ambalo Lukelo angelisema siku nyingine yoyote. Na Lukelo, katika maisha yake yote, hakuwa mtu wa kulalamika. Hakuwahi kumshtaki mtu. Hakuwahi kusema "nimedhulumiwa" hata siku aliyodhulumiwa. Kila alipoanza kulitafuta neno la lile pazia, Msemaji alipapasa ghalani asione kitu cha namna hiyo, akachukua kilichokuwa karibu, mzaha au shukrani.

Alijaribu kuuvua ukanda. Kifungo kilikuwa kisogoni, kinataka mikono miwili, naye alikuwa na mmoja. Alipouvuta vuta mbele ya mkewe, koo lake likasema, "Kinawasha kidogo tu, mke wangu, kiache," na Tumsifu akaja na mafuta ya nazi akampaka kwa upole. Lukelo alilia siku hiyo. Msemaji akasema ni moshi wa jikoni.

Dokta Shangali alimtembelea nyumbani akiwa na matunda.

"Baraza la uchunguzi linakaa wiki ijayo," alimwambia Tumsifu. "Mzee ataulizwa machache tu. Na Msemaji atabaki wake maisha yake yote, mama, mradi tuelewane."

"Tumeelewana, dokta," alisema Tumsifu. "Huyo Mngoni alicheka mume wangu anakufa. Alipe."

Na Lukelo, tuseme ukweli, upande mmoja wa moyo wake ulisema vivyo hivyo. Alimkasirikia Editha. Alimkasirikia hasira ambayo mila haimruhusu mtani kuwa nayo. Mashine ilikosea, sawa, lakini mkono wa binadamu ulikuwa umbali wa meza moja tu kutoka kwenye mkono wake uliokufa, na haukumgusa. Kama angesema habari za pazia, Editha angepona hukumu ambayo sehemu yake ilimstahili. Asiposema, watu wengine wangekaa kwenye mabenchi wakichekwa. Alilipima jambo hilo huku na huku, na kila alipolipima alikumbuka kwamba hata akiamua, hana mdomo wa kuamulia.

Editha alikuja jioni moja kabla ya baraza, kwa mlango wa uani, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Mtani, nisamehe."

Lukelo alitaka kumwambia, sijui, niache nifikiri kwanza.

"Mngoni hasamehewi," alisema Msemaji kwa furaha, "analipishwa kuku!"

Editha akacheka, hakuweza kujizuia, huku machozi yakimtiririka. Kisha akaacha kucheka. Alimtazama Lukelo machoni kwa muda, kama alivyopaswa kumtazama siku ile mapokezini.

"Mtani," alisema polepole, "unasema wewe, au kinasema chenyewe?"

"Nani mwingine asiyekuogopa, Mngoni?" likajibu koo.

Lukelo alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa, na Editha alikuwa bado anayatazama. Tumsifu akaingia na kumwambia aondoke.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa mikutano wa hospitali. Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu, mama mfupi aliyevaa kitenge na kuzungumza bila haraka. Upande mmoja wa meza alikaa Dokta Shangali na fundi wa vidani. Upande wa pili alikaa Editha peke yake. Lukelo aliwekwa katikati kwenye kiti cha magurudumu, Tumsifu nyuma yake.

"Pole sana, mzee wangu," alisema mwenyekiti.

"Nimeshapoa, mama. Ningekuwa ng'ombe ningeshachinjwa," alisema Msemaji, na ukumbi ukalegea.

"Nitakuuliza swali moja tu. Siku ile, unavyojua wewe, kosa lilikuwa la nani?"

Lukelo alikuwa amejiandaa. Usiku mwingi alikuwa amelitafuna neno moja tu, pazia, akilirudia kichwani bila kuweka lingine kando yake, ili Msemaji asipate pa kupita. Akakaza macho. Akalisukuma. Pa, akawaza. Pa. Pa.

Msemaji akasita. Hata Dokta Shangali aliona kule kusita, akaweka kalamu chini. Kisha Msemaji akalisikia lile swali upya, kosa la nani, na kumbe lilikuwa na jibu lililosemwa mara elfu, kwenye harusi na misiba na minada, jibu ambalo Lukelo alilitoa hata mvua ilipochelewa.

"Kosa?" ilivuma sauti yake mwenyewe. "Kosa ni la Mngoni huyu hapa! Lini Mngoni aliacha kukosea?"

Wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama Editha, akaandika.

"Basi, shahidi amesema," alisema Dokta Shangali kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Lukelo aligonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Akagonga tena. "Msinikawize, chakula kinapoa," lilisema koo lake. Akatikisa kichwa kwa nguvu, na koo likaomba radhi kwa ajili ya shingo yake ya uzee. Jasho lilimtoka. Alikuwa ndani kabisa, anagonga kuta, na nje mtu mwenye sauti yake anawakaribisha wageni.

Editha akasimama. Hakuomba ruhusa. Alizunguka meza, akapita mbele ya mwenyekiti, akafika nyuma ya kiti cha Lukelo, na kabla Tumsifu hajainua mkono, kifungo kikalia. Ukanda ukawa mkononi mwake.

"Mhehe," alisema, "nimekichukua hiki. Ukikitaka utakikomboa."

"Mheshimiwa!" Dokta Shangali alikuwa tayari wima. "Anamnyang'anya mgonjwa kauli yake! Huu ni wizi!"

"Mtani haibi, dokta," alisema Editha. "Muulizeni mzee yeyote hapa mjini."

Mwenyekiti akainua kidole, kila mtu akatulia.

"Mzee Nyaulingo, unamshtaki?"

Lukelo akafungua mdomo, ule wake. "Hhh," alisema. "Haa. Pa. Pwa." Mate yakamtoka. Ilikuwa sauti mbaya, na ilikuwa yake.

Kidani kifuani kikawaka nyekundu. Kwa miezi yote kilikuwa kikimsikiliza Msemaji na kuridhika. Sasa kilisikia ulimi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu afungiwe ule ukanda. "Hatari," kikatangaza. "Dalili za kiharusi. Mgonjwa afikishwe wodini." Watu wakaanza kuinuka.

Lukelo akakishika kidani, akakiinua mbele ya macho ya mwenyekiti. Kisha akamnyooshea Editha kidole, kwenye mdomo. Akaugusa mdomo wake mwenyewe, akausukuma juu upande ule mzima, mara mbili, tatu.

"Unataka nini, mtani?" alisema Editha. "Nicheke?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Siwezi. Mtani, usinitake nicheke tena, siwezi."

Alimaanisha. Alikuwa amekauka uso, na kule kuzuia machozi kungemfanya asicheke hata akitekenywa. Lukelo akaliona hilo. Kwa hiyo akafanya kitu alichokijua tangu ujana. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akajikokota, akasimama kwa mguu mmoja, Tumsifu akimdaka kiuno. Akatupa kichwa nyuma. Akaachia mdomo uende kando, nao ulikuwa umeshakwenda. Akaburuta mguu, nao ulikuwa hauna ujanja mwingine. Akainua kibuyu cha ulanzi kisichokuwepo, akakinywa chote, akatoa mlio mrefu wa Mngoni aliyelewa anayedai hajalewa.

Editha alijikaza, akashindwa. Kicheko kilimpasuka kama kilivyompasuka siku ile, chote.

Punje ikafumba. Ikafumbuka kijani.

Lukelo akaendelea kusimama, mdomo kando, mate yakishuka kwenye kola, akitoa sauti zake zilizovunjika moja baada ya nyingine kwa makusudi, na kifuani mwake kijani kiliwaka bila wasiwasi wowote. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza isipokuwa Editha, ambaye sasa alicheka na kulia na hakuweza kuacha.

Mwenyekiti aliitazama ile punje kwa muda mrefu.

"Nani alikifundisha hiki kunyamaza?" aliuliza.

Dokta Shangali alianza kusema kuwa ushahidi bila Msemaji hauwezi kupokelewa. Mwenyekiti hakumtazama. Alikuwa anamtazama fundi, na fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na wewe," alimgeukia Editha. "Siku ile ulicheka hivi hivi?"

"Hivi hivi, mheshimiwa," alisema Editha. "Nilicheka, nikaona kijani, sikumgusa mkono. Hata kama pana kosa lingine, hilo ni langu."

Mwenyekiti akaandika na hilo pia. Lukelo akaisikia kalamu inavyokwaruza, akaridhika kwamba limeandikwa. Kisha mguu ukamwishia nguvu, akakaa.

Editha alikuja akachuchumaa mbele yake, ukanda wa Msemaji ukining'inia vidoleni.

"Haya, Mhehe. Kikomboe."

"Nitaleta kuku," Tumsifu alisema haraka, mkono umeshanyooka. "Nitaleta hata watatu, leo hii. Kirudishe, Editha, tafadhali. Ndiyo sauti yake."

Lukelo aliutazama ukanda. Ndani yake mlikuwa na mtu mchangamfu aliyejua kumwita mkewe jikoni. Akausukuma kwa Editha kwa kiganja cha kushoto, akamfunga vidole juu yake.

"Ka," alisema. Akapumua. "Kaa. Na. Cho."

Tumsifu akateremsha mkono. Alikaa kwenye kiti cha karibu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Lukelo akageuza kiti chake kwa mkono mmoja, kikaenda kwa kupinda, kikafika mbele yake. Alikuwa na neno moja la kumwambia, jina lake, alilolitamka kila siku ya ndoa yao bila kulifikiria. Akalitafuta. Halikuwa mahali alipozoea kuliweka.

"Tu," alisema.

Mkewe akainua uso, akasubiri.